Mchoraji Aliyekimbilia Kamera

Muumini wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA) wa Mukurweini, Kenya, akifuatilia chimbuko la kanisa lake atapitia Tumutumu, misheni iliyoanzishwa mwaka 1908, kisha atajikuta Edinburgh. Huko, Mei 1843, wachungaji zaidi ya 400 walijitoa katika Kanisa la Uskoti, kisa matajiri wenye ardhi kuwachagulia washirika mchungaji. Waliacha mishahara na nyumba, wakaunda Kanisa Huru. Tumutumu ni zao la lile kanisa walilolihama. Sehemu kubwa ya pande hizo mbili ilikuja kuungana tena 1929.

David Octavius Hill, mchoraji wa mandhari, aliazimia kuichora siku wachungaji hao walipotia saini hati ya kujitoa. Lakini nyuso zilikuwa mamia, na wenyewe wangetawanyika wakati wowote. Mwanasayansi David Brewster akamshauri atumie kamera, akamkutanisha na Robert Adamson, kijana wa miaka 22.

Adamson alijua dawa za picha, Hill alijua mwanga. Negativu zao zilikuwa za karatasi iliyopakwa chumvi za fedha. Mbinu hiyo, ya Mwingereza William Henry Fox Talbot, ilikuwa na hataza Uingereza lakini si Uskoti, kwa hiyo hawakudaiwa hata senti. Kwa vile karatasi ilihitaji jua jingi, viti, vitabu na mapazia vilitolewa nje, ua ukafanywa sebule. Mtu alitulia hata dakika nzima. Ndiyo sababu wengi wameegemeza kichwa mkononi. Nyuzi za karatasi zilififisha mambo madogomadogo: kitambaa kikazama gizani, paji la uso likang'aa. Mwingine angeona hiyo ni kasoro. Hill, aliyezoea brashi, aliona hapo uzuri.

Wakanogewa. Wakaenda kijiji cha Newhaven kuwapiga picha wavuvi na akina mama wachuuzi wa samaki na vikapu vyao, na picha hizo, kwa maoni yangu, zinawapita wachungaji wote. Kufikia Januari 1848, Adamson alipofariki akiwa na miaka 26, walikuwa wametengeneza picha zipatazo 3,000.

Mchoro wenyewe ulikamilika 1866, miaka 23 baadaye. Una upana wa karibu mita tatu na nusu, na nyuso zaidi ya 450 zimebanana kama abiria wa matatu ya Karatina siku ya soko. Wamo hata ambao hawakuwepo siku ile. Kila uso unatambulika, ila uhai umebaki kwenye zile karatasi ambazo Hill alizikusudia ziwe rasimu tu.