Rubani wa Mizigo Anakaa Wapi? (Sehemu ya Nne)

Tangazo lile limezunguka sana katika simu za vijana wa Kamina. Kampuni moja ya mizigo ya Ulaya inatafuta marubani wasaidizi, na katikati ya masharti kuna lile lililowachoma wengi: mwombaji awe tayari na haki ya kuishi na kufanya kazi, bila kikomo, katika nchi za Umoja wa Ulaya. Nimeulizwa stesheni, nimeulizwa mlangoni pa kanisa, kama huu si ubaguzi mtupu. Nitajibu. Ila sitajibu kabla ya kupita Baka, kambi yetu ya ndege, kwa sababu swali la nani aendeshe ndege ya mizigo na huyo mtu katoka wapi, mji huu ulikutana nalo kabla ya miji mingi ya Afrika.

Aliyesoma sehemu zilizotangulia anajua reli ilivyofika hapa na kwa nini Wabelgiji, wakiogopa vita vingine Ulaya, walitaka kambi kubwa mbali na kwao. Sirudii. Nilichobakiza ni ile shule.

Kuanzia 1953 Kamina ilikuwa na shule ya juu ya urubani ya jeshi la anga la Ubelgiji. Kijana wa Kibelgiji alianza masomo kwao, Gossoncourt, kwenye kindege kidogo cha mabawa mawili, Stampe. Akifaulu, analetwa huku kwetu kurushwa kwenye Harvard, ndege ya injini moja yenye viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Akimaliza, anarudishwa Ubelgiji kujifunza ndege za jeti. Walichagua Kamina kwa akili: uwanda wa juu, nafasi tele, na miezi ya kiangazi ambayo mbingu haina wingu. Kule kwao mwalimu angeweza kukaa wiki nzima akitazama ukungu dirishani.

Basi fikirini. Mtoto wa miaka ishirini kutoka Namur au Gent anatua Katanga, na hakuna anayemwuliza kibali cha kuishi wala cheti cha makazi. Anga la Waluba ndilo daftari lake la kujifunzia. Na Waluba wenyewe? Ndani ya Force Publique, jeshi la koloni, cheo cha mwisho kwa Mkongo kilikuwa adjudanti. Maofisa wa kwanza Wakongo walipatikana 1960, wakati nyumba ilikwisha kushika moto. Wanafunzi wa shule ile walitoka Ubelgiji, na shule ilipofungwa mwaka huohuo waliondoka na ujuzi wao wote. Barabara ya kurukia ilibaki. Tangu nikiwa kijana nimekuwa nikisema, na watu wa nyumbani kwangu wamechoka kunisikia, kwamba hasara kubwa ya mji huu si reli iliyochoka bali ni shule hiyo.

Baada ya hapo anga letu likawa la kila mgeni. Mkataba wa urafiki uliotiwa saini tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru, ulitaka Wabelgiji wabaki na kambi za Kitona na Kamina. Haukuidhinishwa kamwe, na Umoja wa Mataifa ukaichukua Baka. Waongozaji wa ndege Wabelgiji walipokimbia, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilileta wataalamu wa nje ili viwanja visife. Februari 1961 ndege ya mizigo ya kampuni ya Kimarekani, Seven Seas, ilishusha Elisabethville jeti tatu za Fouga Magister kwa ajili ya Tshombe, aliyekuwa ameitenga Katanga na Kongo. Septemba ya mwaka huohuo Fouga moja, ikiendeshwa na mamluki, ilikuja kuipiga Baka. Tazameni jinsi mambo yalivyofungana: mzigo ulioletwa na rubani wa kukodi ukageuka risasi juu ya vichwa vya watu wa Kamina.

Novemba 1961, huko Kindu, Waitaliano 13 wa ndege za mizigo za Umoja wa Mataifa waliuawa na askari waliowadhania mamluki wa Katanga. Walikuwa wameleta vifaa kwa kikosi cha Wamalaya. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba rubani wa mizigo asiyefahamika na mtu ni mtu wa hatari, kwa wengine na kwa nafsi yake. Mwenyeji angeulizwa ni mtoto wa nani, na angejibu.

Sitawamaliza wote. Walikuja Waswidi na jeti zao za J 29, wakaja Wahabeshi na Sabre. Novemba 1964 makomando wa Ubelgiji walikusanyika Baka kabla ya kurushwa Stanleyville kuokoa mateka, kwa ndege za C-130 za Kimarekani. Miaka hiyohiyo Wakuba waliomkimbia Castro waliendesha T-28 na B-26 kwa niaba ya serikali ya Léopoldville, na mashine zao zilitunzwa na kampuni iliyoitwa WIGMO, iliyoandikishwa Liechtenstein, nchi isiyo na hata uwanja mmoja wa ndege za abiria! Kisha, mwaka 1987, magazeti ya Marekani yakafichua kwamba ndege za mizigo zenye jina la Santa Lucia Airways zilikuwa zikitua Kamina usiku na silaha za waasi wa UNITA wa Angola. Jina la kisiwa cha Karibi, silaha za Marekani, vita vya Angola, uwanja wa Kamina. Ukimwuliza rubani wa ndege ile anakaa wapi, sijui angeanza na jibu lipi.

Sasa turudi kwenye tangazo. Watu wanachanganya mambo matatu.

La kwanza ni leseni. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 32, unasema rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuthibitishwa na nchi ilikoandikishwa ndege. Si nchi ya rubani, wala nchi ya mzigo. Ndege yenye 9Q ubavuni ni ya Kongo, 5Y ni ya Kenya, ET ni ya Ethiopia. Kifungu hicho kina sehemu ya pili ambayo wengi huiruka: nchi ina haki ya kuikataa, juu ya ardhi yake, leseni ambayo raia wake mwenyewe amepewa na nchi nyingine. Ishikeni hiyo.

La pili ni haki ya kufanya kazi, na hapa ndipo tangazo linapouma. Kampuni za Ghuba humwombea rubani kibali na kumleta. Kampuni za Ulaya na Marekani, kwa sehemu kubwa, hazitaki usumbufu huo wakati foleni ya wenyeji ni ndefu. Tena kuna ukaguzi. Sheria za usalama za Umoja wa Ulaya zinataka anayepewa kitambulisho cha kuingia eneo la ndege achunguzwe miaka mitano nyuma: alifanya kazi wapi, alisoma wapi, na rekodi ya makosa kutoka kila nchi alikokaa. Pengo lisiloelezwa ni tatizo. Mtu aliyeishi Liège miaka mitano anapata karatasi zake kwa urahisi. Wa kwetu aanze na mahakama, halafu muhuri, halafu aliye na muhuri yuko Lubumbashi, na treni haijafika.

La tatu ni kituo. Rubani wa mizigo hulala Hong Kong leo na Chicago kesho, lakini kwenye karatasi ana kituo kimoja cha nyumbani, na tangu 2012 kituo hicho ndicho kinachoamua, katika Ulaya, anachangia bima ya jamii ya nchi gani. Kwa hiyo kampuni inayouliza makazi yako inauliza pia ni nani atakayedai michango yako na kukutibu ukiugua. Hapo sioni ubaguzi, naona hesabu.

Na sisi je? Kanuni ya Kazi ya Kongo ya 2002 nayo inamlinda mwenyeji: mgeni sharti awe na kadi ya kazi, na idadi ya wageni katika kampuni imewekewa mpaka. Maneno mazuri. Lakini kwa miaka thelathini mizigo ya nchi hii imebebwa na Antonov zilizoendeshwa na Warusi, Waukraine na Wamoldova. Tarehe 8 Januari 1996 Antonov 32 iliyojazwa kupita kiasi ilishindwa kupaa N'Dolo, Kinshasa, ikaingia sokoni na kuua mamia. Marubani walikuwa Warusi, na ndege iliruka kwa hati za kuazima za kampuni nyingine. Tangu 2006 Ulaya imeyafungia anga mashirika yenye vyeti vya Kongo, na tunalia tumeonewa. Mlango wa kwao una kitasa, tunaugombea. Wa kwetu hauna hata bawaba, na hatuoni aibu.

Wahabeshi walikwenda njia nyingine. Shirika lao, lililoanza 1945, liliendeshwa mwanzoni na Wamarekani wa shirika la TWA, lakini wenyeji walifundishwa kushika nafasi zao. Mwaka 1957 Alemayehu Abebe akawa nahodha wa kwanza Mwethiopia. Wakafungua chuo chao wenyewe, na leo wanafundisha Afrika nzima. Uganda, Kenya na Tanzania, chini ya Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki, walianzisha chuo cha Soroti mwaka 1971. Sasa Air Congo iliyoanza kuruka Desemba 2024 ni ya serikali yetu kwa asilimia 51 na Ethiopian Airlines kwa asilimia 49. Sina ugomvi na Wahabeshi, walitangulia kuamka. Ila ningependa kujua kama mkataba ule una mstari unaosema ni Wakongo wangapi watakalia kiti cha kushoto, kile cha nahodha, na lini. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo Soroti si ugenini tena. Na kama kuna mbunge wa mkoa wetu wa Haut-Lomami anayesoma gazeti hili, Baka bado ipo na kiangazi bado hakina mawingu.

Kwa vijana wenye lile tangazo, kwa ufupi. Leseni ya kwanza ya biashara ni miaka 18 na takriban masaa 200 angani. Ya nahodha wa mashirika ni miaka 21 na masaa 1,500. Kiingereza cha daraja la nne kinatakiwa kwa safari za kimataifa tangu 2008, na Kifaransa cha shule zetu hakitakuokoa hapo. Msiuze shamba la baba kulipia chuo cha nje kabla hamjaiandikia Mamlaka ya Usafiri wa Anga, Kinshasa, kuuliza kama leseni ya nchi hiyo itathibitishwa kwa ndege ya 9Q, kwa sababu ya ile sehemu ya pili ya kifungu cha 32. Jibu litoke kwa maandishi na muhuri. Na kila mwaka mnaoishi popote, iwe Ndola, Kampala au Johannesburg, ombeni karatasi ya polisi kabla ya kuondoka. Kuirudia baada ya miaka minne ni nauli nyingine.

Sehemu ijayo: masaa 1,500 hununuliwa wapi, na kwa bei gani.