Chunusi za Vijana: Njia ya Tiba kwa Familia za Kibaha na Kisarawe

Chunusi ni ugonjwa wa ngozi, na una tiba. Katika nyumba nyingi za Mkoa wa Pwani huonekana kama jambo la balehe litakalopita lenyewe, au kama matokeo ya uchafu na kula chipsi. Kwa vijana wengi hupita kweli. Kwa baadhi yao huacha makovu yasiyofutika, na kwenye ngozi nyeusi huacha madoa yanayokaa miezi mingi baada ya kipele kupona. Ndiyo maana tiba ya mapema ina thamani kubwa.

Chanzo chake kiko ndani ya ngozi. Uso, kifua na mgongo vina tezi nyingi za mafuta. Balehe inapoanza, homoni za androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote wanazo, huzichochea tezi hizo. Mafuta yakizidi, seli zilizokufa hugandamana na kuziba matundu ya ngozi. Bakteria aitwaye *Cutibacterium acnes*, anayeishi kwenye ngozi ya kila mtu, huongezeka humo, na mwili unapopambana naye hutokea uvimbe na usaha. Vichwa vyeusi vinavyoonekana puani si uchafu. Ni mafuta na rangi ya ngozi vilivyobadilika baada ya kukutana na hewa, kwa hiyo kusugua kwa dodoki hakuviondoi, bali huichubua ngozi tu.

Madhara makubwa zaidi mara nyingi hutoka kwenye vitu vinavyopakwa kabla ya kufika hospitali. Dawa ya meno na maji ya ndimu huunguza, na ndimu ikipigwa na jua huacha doa jeusi zaidi. Mafuta mazito ya kujipaka na ya nywele huziba matundu, na vipele hujipanga kwenye paji la uso pale mafuta ya nywele yanapoteremkia. Liwa, inayotumika Pwani tangu zamani, hupooza ngozi lakini haizibui matundu.

La kuogopwa hasa ni mkorogo, krimu zinazochanganywa na kuuzwa katika vikopo visivyo na lebo, pamoja na tyubu za klobetasoli au betamethasoni zinazonunuliwa bila cheti cha daktari. Hizi ni steroidi. Siku za mwanzo uvimbe hushuka na uso hung'aa, na kijana huamini amepata dawa. Baada ya wiki kadhaa ngozi hukonda, vipele vipya vya steroidi hutokea, na akiacha kupaka uso huwaka moto, basi anarudia tena. Vipodozi vyenye steroidi, zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania. Usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019. Kijana anayekwenda kutibiwa aende na kila anachojipaka, hata kikopo anachokionea aibu, kwa sababu tabibu akikijua chanzo atabadili tiba yote.

Si kila kipele ni chunusi. Kwenye joto na unyevu wa Pwani, vipele vidogo vya ukubwa mmoja vinavyowasha sana kifuani au kwenye paji la uso huenda vikawa vya fangasi, na hivyo huhitaji dawa nyingine kabisa. Vipele vya kisogoni baada ya kunyoa ni tatizo jingine pia. Dawa za kifua kikuu na za kifafa huweza kuleta vipele vya namna hii. Msichana mwenye chunusi kali, hedhi isiyo na mpangilio na ndevu kidevuni anastahili kupimwa homoni.

Chunusi chache zinaweza kuanza kutibiwa kwa dawa ya famasi. Inayofaa ni benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, dawa iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Duka la dawa muhimu la kijijini limeruhusiwa kuuza dawa za orodha maalumu tu, kwa hiyo mtu wa Maneromango au Mzenga huenda akalazimika kuifuata mjini. Dawa hupakwa usiku, baada ya kunawa kwa sabuni laini na kukausha uso. Kiasi cha punje ya njegere hutosha uso mzima, kikienezwa kila mahali chunusi zinapotokea, si juu ya kipele kimoja kimoja. Ngozi ikikauka sana, dawa hupakwa siku moja na kuachwa siku inayofuata. Hupausha nguo, hivyo foronya nyeupe hufaa zaidi. Nafuu huchukua wiki 8 hadi 12, na hapa ndipo vijana wengi hukata tamaa na kurudi kwenye mkorogo.

Vipele vikiwa vikubwa, vyenye maumivu, vimeenea mgongoni au vimeanza kuacha makovu, hakuna sababu ya kusubiri. Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, au Tumbi, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Kibaha. Mwenye bima aombe barua ya rufaa kabla ya kwenda Mloganzila au Muhimbili. Mgonjwa wa ngozi si lazima amwone daktari bingwa. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, hufundisha matabibu wa kuhudumia wagonjwa hao mikoani na wilayani. Kwenye dirisha la mapokezi ya hospitali mtu aulize kama yupo mtaalamu wa ngozi na siku ya kliniki yake.

Huko kijana huweza kupewa adapalini ya kupaka, au doksisaiklini ya kumeza kwa miezi michache, daima pamoja na dawa ya kupaka ili bakteria wasizoee. Doksisaiklini humezwa kwa maji mengi na mtu asilale papo hapo, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Isotretinoini ni ya chunusi kali na hutolewa chini ya uangalizi tu. Huharibu mimba, hivyo msichana hupimwa ujauzito na kuelezwa wazi.

Kumfikisha kijana kliniki nako ni kazi. Miongoni mwa Wazaramo wa Kisarawe, mambo ya balehe kwa desturi huzungumzwa na shangazi, bibi au kungwi kuliko wazazi, na huyo anaweza kuwa msindikizaji bora. Kijana aulizwe faraghani. Kijana anayejifunika uso, anayekwepa shule au kusema hataki kuishi amwone tabibu haraka, hata kama vipele vyake ni vichache.

Madoa meusi hufifia kwa miezi, mradi vipele havitumbuliwi na uso unakingwa na jua. Kovu linalovimba kwenye taya au kifua ni kazi ya hospitali, ambako huchomwa sindano kulipunguza. Kulikata bila tiba hiyo huweza kulirudisha likiwa kubwa zaidi.