Masomo ya Juu ya Epidemiolojia: Mwanafunzi Atarajie Nini, na Sisi Kazini Yanatuhusu Vipi



Wapo vijana wetu waliokwisha kuwa wauguzi, mabwana afya na mafundi wa maabara, ambao sasa wanataka kuendelea na masomo ya juu yanayoitwa epidemiolojia. Mzazi anayebangua korosho au kukata mkonge akilisikia neno hilo hudhani mtoto anakwenda kuwa daktari bingwa, atarudi na kipimo shingoni kutibu watu. Sivyo. Yafaa ieleweke mapema, maana familia hutoa jasho na fedha kumsomesha mtu, kisha akirudi na madaftari badala ya sindano wanaona wamedanganywa.

Daktari wa hospitali huuliza: mgonjwa huyu ana nini? Mtaalamu wa epidemiolojia huuliza: kwa nini hawa wameugua na wale hawakuugua? Mgonjwa wake ni kijiji kizima, au kambi, au zamu nzima ya kiwanda. Wengine huiita elimu ya magonjwa ya mlipuko, na ni kweli, lakini ni nusu tu. Kikohozi cha miaka ishirini, vidole vinavyokatwa na mashine, vifo vya kina mama wajawazito, shinikizo la damu, yote hayo yamo.

Mfano upo mlangoni petu. Mwaka 1952 na 1953, ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, upande wa Newala na Masasi, watu walishikwa ghafla na homa na maumivu makali ya viungo hata mtu akashindwa kunyooka. Wenyeji wakauita ugonjwa ule chikungunya, neno la Kimakonde la kujikunja, na leo madaktari wa Brazil na India hutumia neno hilo hilo la babu zetu. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa. W.H.R. Lumsden, aliyetoka katika taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, alifanya kazi ya namna tunayoizungumzia hapa: kuuliza nani, wapi na lini. Uwanda ule una shida ya maji, na watu waliyateka mbali wakayahifadhi majumbani. Katika vyombo vya maji alizaliana mbu aitwaye Aedes aegypti, anayekaa na watu nyumbani na kuuma mchana. Dawa maalumu ya ugonjwa huo haikuwapo, na hata leo haipo. Lakini aliyejua kwamba mbu anatoka mtungini alijua la kufanya: funika mtungi.

NJIA ZA MASOMO

Kwanza hapana budi mtu awe na shahada ya kwanza, ya udaktari, uuguzi, maabara, tiba ya mifugo au fani inayokaribiana nazo. Baada ya hapo ipo shahada ya uzamili ya afya ya jamii, ambayo ni pana: sheria za afya, fedha, uongozi, na epidemiolojia kama somo moja kati ya mengi. Ipo shahada ya epidemiolojia yenyewe, yenye hesabu nyingi zaidi. Na ipo njia ya tatu, ambayo naipendelea kwa watu wa mazingira kama yetu, nayo ni mafunzo ya epidemiolojia ya kazini. Mtindo wake ulianzia Marekani mwaka 1951 chini ya daktari Alexander Langmuir, nao ni kujifunza kwa kutenda: miaka miwili, darasani robo tu, na muda uliobaki mwanafunzi yuko ofisi ya afya ya wilaya au jimbo akifanya kazi chini ya mwalimu. Kenya walianza mwaka 2004, Tanzania mwaka 2008 pamoja na Chuo Kikuu cha Muhimbili, na Msumbiji mwaka 2010 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane.

Darasani mwanafunzi atarajie hesabu. Si hesabu za kutisha, lakini ni za kila siku, na aliyezikimbia sekondari atazikuta zinamngoja. Atafundishwa kuandika maelezo ya nani ahesabiwe kuwa mgonjwa na nani asihesabiwe, kazi inayoonekana ndogo mpaka watu watano waipatie majibu matano. Atafundishwa kulinganisha wagonjwa na wazima, kuchora ramani na grafu ya siku za mlipuko, kutumia kompyuta, kuchukua na kusafirisha vipimo vya maabara. Na atatumia saa nyingi kusahihisha madaftari: umri haukuandikwa, jina limeandikwa mara mbili, tarehe ya kuugua imekuja baada ya tarehe ya kufa. Wanaodhani watashinda katika helikopta wakikimbiza virusi watachoka mapema.

NAMBA YA CHINI

Jambo kubwa kuliko yote wanalofundishwa ni namba ya chini, yaani idadi ya watu unayogawia idadi ya wagonjwa. Hapa ndipo masomo haya yanapomgusa mfanyakazi moja kwa moja, kwa hiyo tuende polepole.

Tuchukue kiwanda cha kubuni cha korosho chenye wafanyakazi 300. Mchunguzi anakuja, anawakuta 15 wanakohoa kwa muda mrefu. Hiyo ni 5 kwa kila 100. Anakwenda kijiji cha jirani chenye watu wazima 1,000, anawakuta 80 wanakohoa, yaani 8 kwa kila 100. Anaandika taarifa: moshi wa kukaangia korosho hauna neno, wafanyakazi wana afya kuliko wanakijiji. Mwenye kiwanda anaitundika taarifa ukutani.

Sasa aje mchunguzi aliyefunzwa barabara. Yeye anauliza: walioacha kazi wako wapi? Anaambiwa kwamba kwa miaka michache iliyopita watu 60 waliacha kwa sababu ya kifua. Anawatafuta majumbani, anawakuta 40 bado wanakohoa. Akiwarudisha katika hesabu ya kiwanda, wagonjwa ni 55 kati ya 360, zaidi ya 15 kwa kila 100. Tena hao 40 walikuwa wamo katika wale 80 wa kijiji! Ukiwaondoa wote 60 kijijini, wanabaki wagonjwa 40 kati ya watu 940, kama 4 kwa kila 100. Kiwanda kilikuwa kikitoa wagonjwa wake nje ya lango, kisha kikajilinganisha nao na kujisifu.

Kosa hili linajulikana kwa wataalamu tangu karne ya 19. Anayeumwa huacha kazi, au huachishwa, na aliye dhaifu haajiriwi tangu mwanzo, kwa hiyo wanaobaki kazini daima huonekana wazima. Mwanafunzi wa epidemiolojia hulisoma katika mwaka wake wa kwanza. Mkaguzi anayefika asubuhi, akanywa chai ofisini na kuondoka mchana na orodha ya mishahara, aghalabu halikumbuki.

Na dawa ya kosa hilo, ndugu, mara nyingine imo katika kabati la chama. Huko New York daktari Irving Selikoff alitaka kujua asbesto inawafanya nini mafundi wanaofungia mabomba na mitambo ili joto lisitoke. Mafundi hao walihama toka mwajiri mmoja hadi mwingine, na daftari la mwajiri mmoja lisingewashika. Lakini chama chao cha wafanyakazi kilikuwa na orodha ya wanachama. Selikoff na wenzake walichukua majina ya watu 632 walioingia kazini kabla ya 1943, wakawafuatilia mmoja mmoja mpaka mwaka 1962, waliobaki kazini na walioacha, wazima na waliokufa. Kwa hesabu ya vifo vya wanaume wa umri wao nchini, walitazamiwa kufa 6 au 7 kwa saratani ya mapafu na utando wake. Waliokufa ni 45. Matokeo yalichapishwa mwaka 1964. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu kusema kwamba wale walikufa kwa sigara tu au kwa bahati mbaya.

UWANJANI

Mwanafunzi akishatoka darasani atakabidhiwa kazi za kweli: achunguze mlipuko, apime kama mpango wa kutoa taarifa za magonjwa wilayani unafanya kazi, achambue takwimu zilizolala ofisini, kisha aandike tasnifu. Kabla ya kumwuliza mtu swali la utafiti hupaswa kupata kibali cha kamati ya maadili, na kibali hicho huchukua muda. Tunasikia wanafunzi wakilalamikia kungoja huko. Sisi tunaoulizwa maswali tunaona ni haki: mtu awe na hiari ya kukataa, na jina lake lisifike kwa msimamizi wake wa kazi.

Katika Cabo Delgado uwanja wenyewe ni mgumu. Kimbunga Kenneth kilipiga tarehe 25 Aprili 2019, na mwanzoni mwa Mei kipindupindu kikatangazwa Pemba, mji mkuu wa jimbo. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, kisha shambulio la Palma la Machi 2021, viliwatawanya watu kwa malaki. Sasa rudi kwenye namba yetu ya chini. Sensa ilifanywa mwaka 2017, miezi michache kabla ya vita. Ukigawa wagonjwa wa kuhara wa Palma au Macomia kwa idadi ya sensa ile, unagawia watu waliokwisha kukimbia. Ukifanya hivyo kwa Pemba, unawasahau waliokimbilia huko. Mwanafunzi atajifunza kuhesabu mahema na kuuliza kila mlango.

Lipo pia somo ambalo halimo sana katika vitabu vya hesabu. Katika pwani ya Nampula, jirani zetu wa kusini, kulizuka uvumi kwamba watu wa afya wanaotia dawa visimani wanaleta kipindupindu. Kwa Kireno dawa ya maji ni cloro, na ugonjwa ni cólera, maneno yamekaribiana. Lakini Carlos Serra, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, aliyetoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka 2003, alionyesha kwamba si suala la masikio tu. Watu maskini waliokuwa hawawaamini wakubwa hawakuamini na dawa iliyoletwa na wakubwa. Uvumi haujafa. Tarehe 7 Aprili 2024 mashua ya uvuvi iliyojaza watu kutoka Lunga kwenda Kisiwa cha Msumbiji ilizama, wakafa zaidi ya 90, wengi wao watoto. Wakuu wa jimbo walisema watu wale walikuwa wakikimbia kwa hofu ya habari za uongo juu ya kipindupindu.

Kwa hiyo kijana wa pwani anayezungumza Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili asijione mdogo mbele ya wenzake wa mjini. Atakapoketi kibarazani na mama aliyefiwa na mtoto, akamwuliza maji aliyateka wapi, lugha yake itakuwa na thamani sawa na kompyuta yake.

YA KUULIZA KABLA YA KUOMBA

Lugha kwanza: Maputo masomo ni kwa Kireno, na ni zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwetu, Dar es Salaam ni karibu zaidi, lakini darasani ni Kiingereza, na vyeti vya nje huhitaji kutambuliwa ukirudi. Vitabu vingi ni vya Kiingereza popote uendapo.

Pili, ruhusa. Mafunzo ya kazini aghalabu huchukua watumishi wa afya wa serikali walioachiwa na mwajiri. Mwuguzi wa zahanati ya shamba au kiwanda binafsi aulize mapema kama anakubaliwa, na tawi la chama limsaidie kudai kwa maandishi kwamba nafasi yake ya kazi itamngoja na mshahara utaendelea au la. Ahadi ya mdomo ya meneja haitoshi, meneja huhamishwa.

Tatu, fedha. Mipango hii ilijengwa kwa msaada mkubwa wa Marekani, na mwaka 2025 misaada ya Marekani katika afya ilikatwa vibaya. Mwombaji aulize mwaka huo huo anaoomba: nani analipa ada, nani analipa nauli ya uwanjani, nani analipa chumba.

Nne, kazi baada ya hapo. Wengi huajiriwa na wizara, taasisi ya taifa ya afya, au mashirika ya misaada. Viwanda vinavyomwajiri mtu wa namna hii ni vichache. Hivyo chama kisitegemee kwamba kila mtoto aliyesoma atarudi kukaa nasi. Kitegemee kumjua kwa jina, ili siku ya kifua au ngozi kuungua tujue mlango wa kubisha.

Kwa asiye na shahada yapo katika nchi nyingi za Afrika mafunzo mafupi ya miezi mitatu kwa watumishi wa wilaya, ya kukusanya na kusoma takwimu huku mtu akiendelea na kazi yake. Mwuguzi wa zahanati ya kazini aulize kwa mganga mkuu wa wilaya kama yapo na kama yeye anaweza kuingia. Huku akingoja jibu, anaweza kuanza daftari leo: jina, umri, idara, zamu, mwaka wa kuanza kazi, ugonjwa, tarehe. Na kwa kila anayeacha kazi, safu moja zaidi: ameacha kwa sababu gani, na sasa anakaa wapi.