Damu Moja, Nyumba Mbili

Katika wilaya ya Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori, kazi ya kakao haimngojei mtu. Matunda huchumwa na kupasuliwa, mbegu hufunikwa zikachacha kwa siku kadhaa, kisha huanikwa juani na kugeuzwa mara kwa mara. Hiyo ni kazi ya mikono mingi, na mkulima mwenye watoto wengi huhesabiwa kuwa amejaliwa.

Tunaifahamu jamaa moja ya huko, ambayo jina lake tunalihifadhi. Mzee mwenye mji ana wake 2. Mke mkubwa alizaa watoto 6. Wa kwanza, binti, alikuwa mzima. Wa pili alivimba vidole vya mikono na miguu kabla ya kutimiza mwaka, akafariki akiwa na miaka 3. Wa tatu na wa nne hawakupatwa na lolote, na wazazi wakadhani kwamba shari imekwisha kuondoka. Ndipo wa tano akazaliwa na maumivu yale yale, na wa sita vivyo hivyo. Mke mdogo naye akazaa 5, wote wazima. Jirani wakatoa hukumu bila ya kuitwa barazani: damu mbaya ni ya mke mkubwa.

Maradhi hayo ni selimundu, ambayo wengi nchini Uganda huyaita siko seli. Mtu hurithi maagizo 2 ya kuunda chembe nyekundu za damu, moja kutoka kwa baba na jingine kutoka kwa mama. Mwenye agizo moja lenye kasoro huishi kama watu wengine, wala hajijui. Mwenye maagizo 2 yenye kasoro, chembe zake hujikunja mithili ya mundu, hukwama katika mishipa midogo na kuvunjika upesi, naye hupungukiwa na damu na kuumwa mifupa. Hakuna mama awezaye kumrithisha mtoto maradhi haya peke yake.

Wazazi wote 2 wakiwa na agizo moja moja lenye kasoro, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mgonjwa. Hapo ndipo wengi hukosea, wakadhani kwamba mgonjwa mmoja akishazaliwa, watatu wanaofuata wamesalimika. La hasha! Kila mimba ni kura mpya, na kura haikumbuki iliyoitangulia.

Wataalamu Lehmann na Raper, walioandika mwaka 1949, walikuta kwamba miongoni mwa Waamba wa sehemu hizo zaidi ya theluthi moja walikuwa na urithi huo. Sababu yake ilielezwa na Allison mwaka 1954: mwenye agizo moja tu lenye kasoro hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali, na kwa hiyo urithi huo ulidumu penye mbu wengi. Mgonjwa mwenyewe hana kinga hiyo. Malaria humwua upesi. Uchunguzi wa Uganda nzima uliotangazwa mwaka 2016, kwa sampuli za damu za watoto wachanga zaidi ya 97,000, ulionyesha kwamba 13 katika kila 100 walikuwa na urithi huo, na 7 katika kila 1,000 walikuwa wagonjwa.

Turudi kwa jamaa yetu. Mtoto wa tano, kijana wa miaka 14, alitumwa kuchota maji kijitoni, maji ya baridi yatokayo mlimani, na kubeba magunia kama ndugu zake. Baridi, kiu na uchovu ndivyo viamshavyo maumivu. Alipolala siku 3 baba yake alimwita mvivu, kwa kuwa siku ya nne alimwona akicheza. Na binti wa kwanza, aliye mzima, aliacha sekondari katika mwaka wa pili ili awe akilala wodini na wadogo zake, mama akibaki shambani. Katika hesabu za maradhi haya, watu kama binti huyo hawaandikwi.

Tiba ipo, ingawa si rahisi kwa kila mtu: kinga ya malaria, penisilini kwa watoto wadogo, maji ya kunywa kwa wingi, na dawa ya haidroksiyurea, ambayo majaribio yaliyofanyika Mulago na kutangazwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa watoto waishio penye malaria waweza kuitumia kwa usalama.

Mwishowe mganga wa hospitali alimwomba mzee naye atoe damu. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akakubali. Majibu yalipotoka alikaa kimya kitambo, kisha akauliza: "Na watoto wa mke mdogo je?" Akajibiwa kwamba ni wazima, lakini kila mmoja wao ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuwa amerithi kwake.

Nyumbani hakutangaza neno. Ila tangu siku ile kijana hakutumwa tena kijitoni. Alipewa kazi ya kugeuza kakao kwenye mikeka, kivulini kukiwa na mtungi wa maji karibu yake. Mke mkubwa aliyaona hayo, akanyamaza.

Binti mkubwa wa mke mdogo ameposwa. Mzee amewaomba wakwe watarajiwa wampeleke kijana wao kupimwa, kama atakavyopimwa binti. Hadi tulipokuwa tukiandika habari hii, wakwe walikuwa hawajarudisha jibu.