Kumfundisha Mwanafunzi Misingi ya Kupanda Mlima

Utangulizi

Kila mtoto wa shule ya msingi nchini Tanzania hufundishwa kwamba Kilimanjaro ndio mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, kwamba kilele cha Uhuru kina kimo cha mita 5,895, na kwamba Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliufikisha huko Mwenge wa Uhuru. Maarifa hayo ni mema. Hata hivyo, mtoto aweza kuyajibu yote katika mtihani na bado asijue afanye nini kichwa kikianza kumwuma njiani, au mvua ikimlowesha jioni naye yu mbali na kibanda. Maarifa haya ya pili ndiyo tunayokusudia kuyaeleza katika makala haya.

Tunawaandikia walimu wanafunzi, ambao punde watakabidhiwa madarasa na huenda wakatakiwa kuongoza ziara za mlimani. Tumechukua njia ya Marangu kuwa mfano wetu, kwa kuwa vituo vyake vimepangika vizuri kwa kufundishia. Kanuni zenyewe zafaa pia kwa Meru, Usambara, Uluguru na milima mingineyo.

1. Mlima unaomfaa anayeanza

Mwalimu hafundishi kuogelea kwa kuwatosa watoto kilindini. Hali kadhalika, somo la mlima lianzie kilimani karibu na shule, mahali ambapo mwanafunzi aweza kupanda na kushuka kwa muda wa saa mbili. Akiisha kuzoea, ndipo aende ziara ya siku nzima. Kwa shule zilizo karibu na Kilimanjaro, mwendo wa kutoka lango la Marangu, lililo kwenye kimo cha karibu mita 1,900, hadi vibanda vya Mandara, kwenye karibu mita 2,700, watosha kabisa kwa wanafunzi wakubwa wa shule ya msingi. Njia hupita msituni, haihitaji kamba, na yaweza kwendwa na kurudiwa kwa siku moja. Kilele hakimo katika mipango ya ziara ya namna hii, na wanafunzi waambiwe hivyo mapema.

Kilele cha Mawenzi, chenye kimo cha mita 5,149, ni kifupi kuliko Uhuru, lakini majabali yake yanahitaji kamba na ujuzi wa pekee. Mfano huu uwaonyeshe wanafunzi kwamba ugumu wa mlima haupimwi kwa kimo peke yake.

2. Mambo yanayoupata mwili

Mwanafunzi atafuata kanuni kwa hiari ikiwa anaelewa sababu zake. Sababu kubwa ni mbili: baridi na upungufu wa hewa.

(a) Baridi. Kwa wastani, joto hupungua kwa karibu nyuzi 6 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Hili ni zoezi zuri la hesabu. Kutoka lango la Marangu hadi Uhuru ni karibu mita 4,000. Ikiwa langoni joto ni nyuzi 20, kileleni litakuwa nyuzi ngapi? Wanafunzi watapata nyuzi 4 chini ya sifuri, na hapo hatujahesabu upepo wala usiku.

Maji ya mvua na jasho huzidisha hatari. Jaribio rahisi litathibitisha jambo hili. Chukua chupa mbili zilizo sawa, zijaze maji ya moto, kisha uifunge moja kwa kitambaa cha pamba kilicholowa na nyingine kwa kitambaa cha sufu kilicho kikavu. Ziweke penye upepo. Pima joto la maji kila baada ya dakika tano, na wanafunzi wachore mistari miwili ya matokeo. Wataona kwamba chupa yenye nguo mbichi inapoa upesi zaidi. Kutokana na hayo wataelewa kwa nini mpandaji hubeba nguo kavu ndani ya mfuko usiopenya maji, na kwa nini hubadili nguo kabla hajaanza kutetemeka.

(b) Upungufu wa hewa. Kadiri tunavyopanda, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua. Kileleni Uhuru ni karibu nusu ya ule wa pwani, hivyo kila pumzi huleta karibu nusu tu ya oksijeni. Mwanafunzi haoni hewa, lakini anajua kupika. Mweleze kwamba penye kibanda cha Kibo, kwenye karibu mita 4,700, maji huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 85 tu, na kwa sababu hiyo maharage yaweza kukaa motoni kutwa yasiive. Hewa inayoshindwa kuyazuia maji yasichemke mapema ndiyo hiyo hiyo anayoivuta.

Mwili huweza kuizoea hali hii ukipewa muda. Ndiyo maana inashauriwa kwamba mtu akiisha kupita mita 3,000, asilale kila usiku juu zaidi ya mita 500 kuliko usiku uliotangulia. Wanafunzi walinganishe kanuni hii na vituo vya Marangu: Mandara mita 2,700, Horombo mita 3,700, Kibo mita 4,700. Wao wenyewe watagundua kwamba kila hatua ni kubwa mno, na watafahamu faida ya wapandaji kukaa siku moja zaidi Horombo.

3. Mazoezi ya uwanjani

Mwendo. Mithali yetu yasema, mwenda pole hajikwai. Panga wanafunzi wapande kilima wakizungumza wawili wawili. Asiyeweza kumaliza sentensi bila kutweta anakwenda kasi mno. Wafundishe kupiga hatua fupi, kukanyaga kwa unyayo mzima, na wakati wa kushuka kukunja magoti kidogo bila kukimbia. Wengi huteguka miguu wakati wa kushuka, wanapokuwa wamechoka na mawazo yao yako nyumbani.

Mpango wa msafara. Mwongozaji hutangulia, anayekwenda polepole kuliko wote humfuata yeye, mwalimu hukaa mwisho kabisa. Mpango huu huufanya msafara wote uende kwa mwendo wa aliye dhaifu. Kila mwanafunzi awe na mwenzake mmoja ambaye haachani naye, na hesabu ifanywe katika kila mapumziko.

Aliyepotea. Kanuni ni tatu: simama, kaa hapo hapo, piga filimbi. Ishara inayojulikana ya kuomba msaada mlimani ni milio sita katika dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha milio sita tena. Anayeitikia hupiga milio mitatu. Mchezo wa kujificha nyuma ya majengo ya shule watosha kuwazoeza.

4. Maandalizi ya mwalimu

Mwalimu apate ruhusa ya maandishi ya wazazi, na awaulize juu ya afya ya kila mtoto. Mwenye selimundu asipelekwe milima mirefu, maana upungufu wa oksijeni waweza kumletea maumivu makali na hata kifo. Mwenye pumu aonwe kwanza na mganga, na dawa yake ibebwe. Aidha, ndani ya Hifadhi ya Kilimanjaro mpandaji hutakiwa kufuatana na mwongozaji mwenye kibali. Mwalimu asijifanye yeye ndiye mwongozaji.

Kila mwanafunzi abebe koti la mvua, sweta, kofia, nguo kavu, maji ya kutosha, chakula na filimbi. Viatu viwe vimekwisha kuvaliwa kwa siku nyingi. Kiatu kipya hutoa malengelenge, na lengelenge moja laweza kulichelewesha darasa zima.

Jambo la mwisho katika maandalizi ni saa ya kurudi. Iandikwe ubaoni kabla ya safari, nayo isibadilishwe njiani. Saa hiyo ikifika, msafara ugeuke, hata kama vibanda vinaonekana mbele.

5. Dalili za hatari na uamuzi wa kurudi

Dalili za mwanzo za ugonjwa wa mlima ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu na kukosa usingizi. Kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Mwenye dalili hizi asipande zaidi. Apumzike, na zisipotulia ateremshwe.

Dalili nyingine ni za hatari kubwa: kuhema hata akiwa ameketi, kukohoa mapovu, kusema ovyo, au kuyumba kama mlevi. Mapafu yaweza kuwa yanajaa maji, au ubongo unavimba. Mwambie atembee katika mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu wa pili. Akishindwa, ateremshwe saa ile ile, iwe mchana au usiku, akiandamana na mtu mzima. Asiachwe peke yake, wala asiambiwe asubiri asubuhi.

Tatizo gumu kuliko yote ni kwamba mwanafunzi mwenyewe huficha maumivu. Huogopa kuchekwa, au kulaumiwa kwamba amewaharibia wenzake safari. Mwalimu naye huvutwa na gharama zilizokwisha lipwa na ahadi aliyowapa watoto. Mwoga wa kusema akikutana na mwalimu asiyetaka kusikia, maisha ya mtoto yamo hatarini. Kwa hiyo tunashauri igizo fupi lifanywe darasani kabla ya safari:

"Mwalimu, Juma hajala chochote, na anasema kichwa chamwuma."

"Umefanya vyema kuniambia. Juma, tangu lini?"

"Tangu tulipopumzika mara ya kwanza, Mwalimu. Lakini naweza kwenda."

"Ahsante kwa kusema kweli. Tutakaa hapa sote, kisha tutaona kama yafaa turudi."

Igizo lirudiwe mpaka kila mtoto amekwisha kuwa Juma mara moja. Mwalimu aangalie asitie mzaha wala ukali katika sauti yake, kwa maana watoto watakumbuka sauti hiyo kuliko maneno.

Wasimulieni pia habari za Hans Meyer. Mwaka 1887 alifika kwenye barafu ya Kibo, akaona hawezi kuivuka, akarudi. Mwaka 1888 vita vya Abushiri vya pwani vilimkatizia safari, naye akashikwa. Mwaka 1889, akiwa pamoja na Ludwig Purtscheller na akiwa na vifaa bora vya barafu, alifika kileleni. Kama asingegeuka mwaka 1887, huenda asingekuwako mwaka 1889.

6. Kupima maarifa

Baada ya masomo haya, mwalimu aweza kujaribia wanafunzi kwa maswali kama haya:

(i) Mwenzako anatetemeka na nguo zake zimelowa. Utafanya nini kwanza, na kwa nini?

(ii) Umesikia milio sita ya filimbi. Utajibuje, na utamwarifu nani?

(iii) Saa ya kurudi imefika, na vibanda viko mbele kwa mwendo wa robo saa. Msafara ufanye nini?

Swali la tatu ndilo la kupimia kama somo limeingia. Wanafunzi wakianza kutafuta sababu za kuendelea, safari iahirishwe na somo lirudiwe. Ziara iliyoahirishwa yaweza kupangwa tena muhula ujao.