Kikaango cha Morogoro, bei ya Kuala Lumpur

Jioni ikiingia pale Msamvu, mabasi ya Dodoma na Iringa yakiwa yanapishana getini, vijana wa chipsi huwa wameshawasha majiko. Kando ya kila jiko lipo dumu la lita 20. Katikati ya mji, kuanzia Soko Kuu la Chifu Kingalu hadi Mawenzi, mafuta ya aina hiyohiyo huuzwa kwa kupimwa: lita, nusu lita, robo, hata kipimo kidogo cha kutosha mboga ya siku moja. Mama anayekaanga maandazi Kihonda hana sababu ya kujua mafuta yale yametoka shamba gani. Anachokijua ni kwamba bei yake hupanda bila kubisha hodi, na ikishapanda huchelewa kushuka.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni mawese yaliyosafishwa, yaliyotoka Malaysia na Indonesia, yakapakuliwa kutoka melini bandarini Dar es Salaam. Takwimu za serikali zilizokuwa zikitajwa bungeni mwanzoni mwa muongo huu zilisema nchi inahitaji tani 570,000 za mafuta ya kula kwa mwaka, na inazalisha tani 205,000 tu. Pengo hilo la tani 365,000 lilizibwa na meli. Kwa hiyo bei ya sahani ya chipsi Msamvu, kwa kiasi kikubwa, huanza kupangwa kwenye soko la bidhaa la Kuala Lumpur, ambako mawese hununuliwa na kuuzwa kila siku ya kazi.

Ajabu ni kwamba mji huohuo unaolalamikia bei ndio wenye ufunguo wa kulipunguza tatizo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kipo hapa tangu 1984. Makao makuu ya Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, yapo hapa. Taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI, ipo hapa. Kituo cha utafiti cha TARI Ilonga, kinachoshughulika na alizeti, kipo Kilosa, mkoa huuhuu. Mjadala wa mafuta nchini umezoea kuanzia bandarini au kiwandani. Ungeanzia kwenye mbegu, Morogoro ndiyo ingekuwa meza yake.

Mti unaoshinda kwa hesabu

Kwanza tuwe wakweli: mawese hayakutawala dunia kwa hila. Hekta moja ya michikichi iliyotunzwa hutoa wastani wa tani tatu hadi nne za mafuta kwa mwaka. Hekta ya alizeti haifiki tani moja, na ya soya ni kama nusu tani. Mchikichi huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, huzaa mwaka mzima, na huweza kuvunwa kwa miaka 25 kabla ya kupandwa upya. Tunda lake hutoa mafuta ya aina mbili: mawese kutoka kwenye nyama ya tunda, na mise kutoka kwenye kiini, ambayo viwanda vya sabuni na vipodozi huyagombea.

Mawese pia huvumilia moto wa kikaango kwa muda mrefu, na kiwandani hutenganishwa mafungu mawili. Fungu la majimaji huja jikoni. Fungu zito huenda kwenye sabuni, majarini na biskuti. Ndiyo maana wakazi wa Mgeta, kule juu Uluguru, baridi ya Juni na Julai inapokaza huona mafuta yameganda chupani na kushuku kwamba wameuziwa yaliyochanganywa. Mara nyingi si uchakachuaji. Hiyo ni tabia ya mawese.

Kwa hesabu hiyo, Indonesia na Malaysia peke yake hutoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani. Zao linaloshika zaidi ya theluthi moja ya mafuta ya mimea ya dunia linategemea nchi mbili zilizopakana. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Vita ya mbali, jiko la hapa

Hatari hiyo ilionekana wazi mwaka 2022. Tarehe 24 Februari Urusi iliivamia Ukraine. Nchi hizo mbili ndizo zilizokuwa zikiuza sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti kwenye soko la dunia, hivyo wanunuzi waliokosa alizeti wakakimbilia mawese. Bei ikaruka. Wananchi wa Indonesia wenyewe wakaanza kupanga foleni za mafuta, na tarehe 28 Aprili serikali ya Rais Joko Widodo ikazuia mawese kutoka nje ya nchi hiyo. Zuio liliondolewa tarehe 23 Mei, lakini wiki hizo chache zilitosha kumfundisha kila mfanyabiashara wa Afrika Mashariki kwamba muuzaji wake mkuu anaweza kufunga duka asubuhi moja.

Lipo shinikizo jingine lisilo na kelele. Indonesia huchanganya mawese kwenye dizeli ya magari yake. Kiwango cha lazima kilikuwa asilimia 30 mwaka 2020, kikapanda hadi 35 mwaka 2023, na lengo la 2025 likawa 40. Kila kiwango kinapopanda, mafuta ya kuuza nje hupungua. Muuza chipsi wa Msamvu anagombea lita moja na lori la Jakarta, na lori lina serikali nyuma yake.

Nasi tumewahi kujifungia wenyewe. Mei 2018, Ramadhani ikikaribia, shehena za mafuta zilikwama bandarini Dar es Salaam kwa ubishi wa kodi: ni mafuta ghafi, au yameshasafishwa kwa kiasi fulani? Swali lilikuwa zito kwa sababu ghafi hutozwa ushuru mdogo kuliko yaliyosafishwa. Wakati mamlaka na waagizaji wakibishana, dukani mafuta yaliadimika na bei ikapaa. Bajeti iliyofuata ilipandisha ushuru: asilimia 25 kwa ghafi, 35 kwa yaliyosafishwa, kwa nia ya kumlinda mkulima wa ndani.

Nia ilikuwa njema. Tatizo ni kwamba ushuru wa mafuta nchini umekuwa ukibadilika bajeti hadi bajeti. Bei ikipanda mjini, mlaji hulia na ushuru hulegezwa. Mafuta ya nje yakimiminika, mkulima wa alizeti wa Singida na Dodoma hulia na ushuru hukazwa. Alizeti huchukua msimu mmoja, mchikichi miaka mitatu, kiwanda mkopo wa miaka kumi. Hakuna anayeweza kupanga kazi hizo kwa sera ya miezi kumi na miwili.

Hadithi ya mbegu za Kigoma

Kwenye majukwaa ya siasa husemwa mara kwa mara kwamba Wamalaysia walikuja Kigoma, wakachukua mbegu za michikichi, wakatajirika, na sisi tukabaki tunawanunulia. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haikuenda hivyo.

Asili ya mchikichi ni Afrika Magharibi na Kati. Miche minne ilipandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, enzi za Waholanzi. Vizazi vya miche hiyo ndivyo vilivyojenga mashamba ya Sumatra, kisha Malaya, ambako shamba la kwanza la kibiashara lilianza mwaka 1917. Watafiti wa Malaysia walifika kweli Tanzania kukusanya mbegu, lakini mwaka 1986, sekta yao ikiwa imeshakuwa kubwa. Walikuja kutafuta damu mpya ya kuboresha miti yao, kama walivyofanya Nigeria, Cameroon na Zaire.

Kigoma ina sifa ya kweli isiyotajwa majukwaani. Michikichi yake imezoea nyanda za juu kandokando ya Ziwa Tanganyika, na watafiti wa Costa Rica walitumia asili hiyo kuzalisha mbegu chotara inayostahimili baridi, ambayo imeuzwa ikiwa na jina la Tanzania. Wenzetu hawakuiba. Walitafiti, wakazalisha, wakauza. Utajiri ulikuwa kwenye maabara na kitalu.

Hata ugunduzi mkubwa wa zao hili ulifanyika jirani yetu. Mwaka 1941, kituoni Yangambi nchini Kongo, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba mchikichi wenye gamba nene, dura, ukipandishwa na usio na gamba, pisifera, hutoa tenera: gamba jembamba, nyama nyingi, mafuta mengi. Michikichi mingi ya asili ya Kigoma ni dura. Ndiyo maana kampeni iliyoongozwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, kuanzia 2018, pamoja na kituo cha TARI Kihinga, ilijikita kwenye kuzalisha na kugawa miche ya tenera.

Mkulima anapaswa kuambiwa jambo moja bila kufichwa. Mbegu ya tenera haihifadhiwi nyumbani. Ukiokota chini ya mti wako na kupanda, robo ya miche itarudi kuwa dura, na robo nyingine itakuwa pisifera, ambayo kwa kawaida haizai mikungu ya maana. Kosa hilo utaligundua baada ya miaka mitatu ya palizi.

Somo la Kongwa

Nchi hii ilishawahi kutaka kulimaliza tatizo la mafuta kwa nguvu. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na njaa ya mafuta na majarini baada ya vita, walianzisha mpango wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walilenga zaidi ya ekari milioni tatu. Matrekta yakaletwa, misitu ikang'olewa, na ndipo wakakuta kwamba udongo wa Kongwa ukikauka hugeuka sakafu, na mvua haitoshi. Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36. Walianza na mashine na malengo. Udongo, mvua na mbegu wakavifikiria baadaye.

Mfano wa karibu zaidi ni Kalangala, visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Huko serikali, mfuko wa kimataifa wa IFAD, na kampuni za Bidco na Wilmar walijenga mradi wenye shamba la kampuni, wakulima wadogo wanaolizunguka, na kinu hapohapo kisiwani. Kinu kuwa karibu ni lazima, maana mikungu ikikaa zaidi ya siku moja bila kukamuliwa, mafuta huchacha. Wakulima walipata soko la uhakika. Lakini Kisiwa cha Bugala kilipoteza sehemu ya misitu yake, na migogoro ya ardhi ikafika mahakamani.

Somo hilo linaugusa mkoa wetu moja kwa moja. Mchikichi unataka mvua nyingi, zipatazo milimita 1,800 hadi 2,000 kwa mwaka. Morogoro Mjini haipati nusu ya hizo. Inayopata mvua kiasi hicho ni mitelemko ya mashariki ya Uluguru, kule Kinole na Matombo, na hapo ndipo mtu asithubutu. Milima ile hulisha Mto Ruvu, na Ruvu hunywesha Dar es Salaam. Umoja wa Ulaya nao, kwa sheria ya 2023 ambayo utekelezaji wake umekuwa ukisogezwa mbele, unakataa mawese ya ardhi iliyokatwa msitu baada ya Desemba 2020. Kukata msitu kwa ajili ya mchikichi kungetunyima maji na soko kwa pamoja.

Kazi ya Morogoro

Basi Morogoro ifanye nini? Michikichi tuwaachie Kigoma na maeneo mengine yenye mvua na mabonde yanayofaa. Kazi ya mji huu ni mbegu, na hasa ya alizeti. Wakulima wengi bado hupanda mbegu za zamani kama Record, au punje walizobakiza ghalani. Nyuki huchanganya chavua za mashamba, na kila msimu mbegu ya kubakiza hupungua mafuta na kupoteza usawa wa kukomaa. Mbegu ikiwa dhaifu, gunia hutoa lita chache. Mkamuaji hulipa bei ndogo. Mkulima huacha alizeti. Vinu vidogo vya Dodoma na Singida hufanya kazi miezi michache baada ya mavuno, kisha hufungwa kwa kukosa malighafi, huku meli zikiendelea kushusha.

Mnyororo huo hukatwa mwanzoni. SUA na Ilonga wakitoa aina zenye mafuta mengi, ASA ikazizalisha kwa wingi, TOSCI ikahakikisha kilicho mfukoni ndicho kilichoandikwa juu yake, na mfuko ukamfikia mkulima kabla ya mvua za kwanza, tutakuwa tumejenga kiwanda kabla ya kununua mashine. Viwanja vya Nane Nane vya hapa mjini huonyesha mbegu hizo kila Agosti. Mkulima anazihitaji Novemba, dukani, kwa bei anayoiweza.

Serikali nayo itangaze ushuru wa mafuta ya nje kwa miaka mitano mfululizo, ushuke taratibu kadiri uzalishaji wa ndani unavyopanda, na usiguswe kwa hasira ya msimu mmoja. Mlaji atavumilia bei anayoielewa sababu yake, na mkulima atawekeza kwenye soko analoweza kulitabiri.

Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini, na Jakarta si hata ndugu. Mawese yataendelea kuja, na hakuna ubaya kununua kwa anayezalisha kwa tija. Ubaya ni kununua kwa sababu huna kingine. Taasisi za kututoa hapo zimekaa Morogoro kwa miongo. Zipewe fedha, kisha zidaiwe mbegu.