Gari na Mwenyewe: Kazi ya Daftari la Serikali

Mtu akinunua shamba la mikarafuu hapa Pemba, hununua kitu kisichoondoka mahali pake. Jirani wa mashariki aujua mpaka, na wa magharibi aujua, na pengine mzee aliyeipanda ile miti yungali hai. Ugomvi ukitokea, mashahidi wapo. Gari si kama mkarafuu. Asubuhi liko Chake Chake, jioni limepakiwa melini Mkoani, na baada ya siku mbili liko mahali ambapo hapana hata mtu mmoja amjuaye mwenyewe. Kwa sababu hiyo serikali huweka daftari la magari. Wengi wetu hudhani daftari hilo ni la kutoza kodi tu, nasi twataka kuonyesha ya kuwa lina kazi nyingine iliyo kubwa.

Daftarini huandikwa jina la mwenyewe, aina ya gari na rangi yake, namba ya kibao, na namba ya chesisi, yaani ile iliyogongwa katika chuma cha gari tangu kiwandani. Kibao ni kama nguo; mtu aweza kukivua usiku akavika kingine. Namba ya chesisi ni kama alama ya mwilini. Katika nchi nyingi namba hiyo ina tarakimu na herufi 17, wala hazitumiki herufi I, O na Q, zisije zikadhaniwa kuwa ni 1 na 0. Lakini magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa Japani wenyewe, nayo ndiyo mengi katika barabara zetu, yana namba fupi zaidi: herufi za aina ya gari, kisha kistari, kisha tarakimu. Basi mnunuzi asishtuke akiona namba fupi. Ashtuke akiona chuma kimechomelewa upya mahali pa namba, au tarakimu zimepinda, au hazilingani na zile za kwenye kadi.

Na kadi yenyewe ni nini? Kadi ni kivuli cha daftari. Tutoe mfano. Mtu wa Konde amenunua Vespa kwa mtu wa Wete. Fedha zimehesabiwa mbele ya mashahidi wawili, kadi imekabidhiwa, mikono imepeanwa. Hapana aliyefika ofisini, kwa kuwa safari ni gharama, na ada ya kubadili jina ni gharama ya pili. Miaka mitatu yapita, na yule muuzaji afariki dunia. Watoto wake wakusanya mirathi, wakuta Vespa imeandikwa kwa jina la marehemu baba yao, wala habari ya mauzo hawakuisikia. Shahidi mmoja yuko Maskati, wa pili amesahau. Je, warithi hawa ni wezi? Hasha, wao wadai lililoandikwa. Na yule mtu wa Konde, aliyetoa fedha yake ya halali, asimama mbele ya hakimu kama mtu aliyeokota.

Na lau muuzaji angalikuwa hai, huenda yeye ndiye angalipata taabu. Vespa ikimgonga mtoto na dereva akakimbia, polisi hutazama daftari, kisha huja kubisha hodi kwa yule ambaye jina lake limo.

Wezi nao wamejifunza kusoma. Huiba gari, wakatafuta jingine la halali la aina ile ile na rangi ile ile, wakanakili namba ya kibao chake. Sasa magari mawili yatembea kwa namba moja. Kenya ilianza mwaka 2022 kutoa vibao vipya vilivyo vigumu kughushi. Ni jambo jema, ila kibao, hata kikifanywa kwa ustadi namna gani, ni ile ile nguo tuliyoitaja.

Ugonjwa mkubwa zaidi huja pale madaftari yanapokuwa mengi na hayasemezani. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina daftari lake. Zamani mwizi aliiba gari katika jimbo moja, akaliandikisha katika jingine kwa karatasi za uongo. Karani wa jimbo la pili hakuwa na njia nyepesi ya kulitazama daftari la kwanza, basi akatoa hati safi, na gari la wizi likatoka ofisini limekuwa halali. Mwaka 1992 ilipitishwa sheria ya kuzuia wizi wa magari, ikaamuru madaftari yale yaunganishwe. Kazi ilikwenda polepole mno. Mwaka 2009 ndipo zilipotoka kanuni za kuyalazimisha makampuni ya bima na wavunjaji wa magari kupeleka habari kila mwezi. Tangu hapo gari lililozama katika mafuriko hubaki na alama yake katika daftari la pamoja, hata likihamia jimbo jingine na kupakwa rangi mpya.

Nasi tusicheke. Jamhuri yetu ya Muungano ni moja tangu mwaka 1964, bali madaftari ya magari ni mawili. La Bara huwekwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, na namba zake huanza kwa T. La Unguja na Pemba huwekwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo kabla ya mwaka 2022 iliitwa Bodi ya Mapato, na namba zetu huanza kwa Z. Kwa maoni yetu, karani wa Chake Chake apaswa kuandika namba ya chesisi na papo hapo kujua kama gari lile lina mwenyewe Dar es Salaam, au kama liliibwa Arusha. Bahari iliyo kati yetu isiwe pazia la mwizi.

Lakini hata daftari bora kabisa halijui ila lile liliopelekewa. Vijana wengi wa bodaboda hupewa pikipiki kwa mkataba, wakalipa kila siku mpaka iwe yao. Siku ya malipo ya mwisho hufanya furaha, na jina la tajiri likabaki daftarini vile vile. Siku hiyo ndiyo ya kwenda ofisini, wawili pamoja, kabla kijana hajamwachia tajiri ile fedha ya mwisho.